Uchoraji wa kazi za useremala kwa kompyuta: Jinsi ya kuokoa muda na mbao

KARAKANA nyingi za useremala nchini Kenya bado huanza kazi kwa mchoro wa penseli juu ya kipande cha plaiwudi. Mteja huonyesha picha aliyoiona kwenye simu, fundi hupima ukuta kwa futi kamba, tarakimu kadhaa huandikwa, kisha msumeno huanza kulia.

Kwa stuli au meza ndogo, njia hiyo hutosha. Lakini kazi inapokuwa makabati ya jikoni ya nyumba nzima, milango ishirini ya shule au viti vya kanisa, kosa la milimita chache hujirudia katika kila kipande. Hasara yake hujulikana siku ya kufunga, mbao zikiwa zimekwisha kukatwa na malipo ya awali yamekwisha kutumika.

Uchoraji kwa kompyuta, maarufu kwa kifupi CAD, ni njia mojawapo ya kuliona kosa la aina hiyo mapema, likiwa bado kwenye skrini. Hata hivyo, programu hizi hazimfanyi mtu kuwa mwepesi kwa kuwa nazo tu. Anayeifungua programu bila mpango anaweza kumaliza siku nzima akichora kabati ambalo mwenzake angelichora kwa penseli kwa muda wa saa moja. Makala haya yanaeleza mambo yanayomwezesha seremala au mchoraji wake kufanya kazi kwa kasi, na kutoa michoro ambayo fundi aliye kwenye mashine ataielewa bila kuuliza.

Chimbuko

Msingi wa uchoraji wa aina hii uliwekwa mwaka wa 1963, wakati Ivan Sutherland, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alipobuni programu iliyoitwa Sketchpad. Ilimwezesha mtumiaji kuchora mistari moja kwa moja kwenye skrini kwa kutumia kalamu ya mwanga.

Mnamo Desemba 1982, kampuni ya Autodesk ilitoa AutoCAD, programu iliyofanya kazi katika kompyuta ndogo za mezani badala ya mitambo mikubwa iliyomilikiwa na viwanda na vyuo vikuu pekee. SketchUp, inayopendwa na wabunifu wengi wa fanicha, ilitolewa mwaka wa 2000, ikanunuliwa na Google mwaka wa 2006 na baadaye ikauzwa kwa kampuni ya Trimble mwaka wa 2012.

Kuchagua programu

Zipo programu za michoro bapa na zipo za michoro ya umbo kamili, yaani yenye urefu, upana na kina. Mlango, dirisha, ngazi au fremu huweza kuelezwa vyema kwa michoro bapa, ilmradi mwonekano wa mbele, wa juu na wa mkato uonyeshwe. Kabati lenye droo na rafu nyingi hufaidika zaidi na mchoro wa umbo kamili, kwa kuwa mchoraji anaweza kulizungusha na kugundua kwamba droo inagonga bawaba kabla ya ubao wowote kukatwa.

AutoCAD ni ya kulipia. Tangu mwaka wa 2016, Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu kwa programu zake nyingi, na badala yake mtumiaji hulipa ada ya kipindi. Wanafunzi na walimu waliotimiza masharti huruhusiwa kuitumia bila malipo kwa masomo, lakini si kwa kazi ya kibiashara.

Kwa karakana isiyomudu ada hiyo, kuna programu huria. LibreCAD hutosha kwa michoro bapa, na FreeCAD, iliyofikia toleo la 1.0 mnamo Novemba 2024, huchora umbo kamili. Zote mbili hupatikana bure na kwa njia halali. Hakuna haja ya kutumia nakala za wizi, ambazo mbali na kukiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, mara nyingi huja na virusi vinavyoweza kuangamiza kazi ya miaka mingi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba programu hizi huweza kubadilishana michoro. Faili za DXF husomwa na karibu kila programu ya aina hii, na pia na mashine nyingi za kukata na kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Kwa hivyo, karakana inayochora kwa LibreCAD inaweza kupeleka kazi kwa mwenye mashine anayetumia AutoCAD.

Kupima mahali pa kazi

Mchoro sahihi wa chumba kisichopimwa vizuri ni kazi bure. Kuta za nyumba nyingi hazijanyooka, na pembe zake si mraba kamili. Nafasi ya kabati inayotoka ukuta hadi ukuta yafaa kupimwa sehemu tatu: karibu na sakafu, katikati na juu. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotumiwa katika mchoro.

Hatua ya kwanza kwenye kompyuta ni kuchora chumba chenyewe jinsi kilivyo, pamoja na madirisha, mabomba na soketi za umeme. Kabati huchorwa ndani ya chumba hicho. Mchoraji huacha nafasi ya milimita 20 hadi 30 kwenye ncha inayogusa ukuta, itakayozibwa kwa kipande cha ubao kinachorandwa papo hapo kufuata mpindo wa ukuta. Anayechora kabati lijaze nafasi yote hadi milimita ya mwisho hulazimika kulirudisha karakana.

Vizio na ukubwa halisi

Sheria ya kwanza ya uchoraji kwa kompyuta ni kuchora kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Kabati la milimita 720 huchorwa milimita 720. Skeli ya 1:10 au 1:20 huchaguliwa wakati wa kuchapisha. Mchoraji aliyezoea ubao na penseli, ambaye huanza kwa kugawanya vipimo kichwani, hujipa kazi isiyo na maana na hufungua mlango wa makosa.

Sheria ya pili ni kuamua kizio kabla ya mstari wa kwanza. Tatizo hili ni kubwa hapa nchini kwa sababu mbao huuzwa kwa inchi na futi, ilhali bodi za viwandani, bawaba na reli za droo huandikwa kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Bawaba iliyochorwa katika faili la inchi, ikiingizwa bila uangalifu katika faili la milimita, huweza kuonekana kubwa au ndogo mara 25.4 kuliko inavyostahili.

Aidha, ukubwa unaotajwa na muuza mbao si ule unaobaki baada ya kuranda. Ubao wa inchi moja ukipita kwenye randa pande zote mbili hupungua milimita kadhaa. Mchoro unapaswa kuonyesha unene uliobaki, kwa kuwa huo ndio utakaoingia kwenye kiungo.

Kiolezo

Kinachopoteza muda mwingi zaidi kwa anayeanza ni kupanga mambo yale yale kila anapofungua faili jipya. Dawa yake ni kiolezo: faili tupu ambalo tayari lina kizio cha milimita, tabaka, mitindo ya maandishi na vipimo, pamoja na fremu ya karatasi yenye nafasi ya jina la mteja, jina la kazi, tarehe, skeli na nambari ya toleo. Kiolezo hutengenezwa mara moja na hutumika kwa miaka.

Tabaka ni kama karatasi angavu zilizowekwa moja juu ya nyingine. Kwa useremala, tabaka saba au nane hutosha: chumba, mbao, bodi, vyuma kama bawaba na vitasa, mistari iliyojificha, vipimo, maandishi na michoro ya mkato. Kila tabaka hupewa rangi na unene wake wa mstari. Mchoraji anayetaka kumwonyesha mteja sura ya kabati huzima tabaka la vipimo. Anayetaka kumpa fundi maelezo huliwasha tena. Tabaka arobaini kwa kabati moja ni mzigo, na tabaka moja kwa kila kitu ni fujo.

Mkono mmoja kwenye kibodi

Wachoraji wenye kasi huwa na mkono mmoja kwenye kipanya na mwingine kwenye kibodi. Katika AutoCAD, herufi L huanza mstari, O hutoa mstari sambamba kwa umbali maalumu, TR hupunguza mstari uliozidi na EX huurefusha. M husogeza, CO hunakili, MI hugeuza kama kwenye kioo na S hunyosha sehemu ya mchoro. Amri hizo nane hutosheleza sehemu kubwa ya kazi ya useremala.

Vipimo navyo huandikwa, wala havikisiwi kwa jicho. Badala ya kuburuta kipanya hadi mstari uonekane umefika, mchoraji huelekeza upande na kuandika 564. Vilevile, ni lazima kutumia uwezo wa programu wa kunasa nukta, unaohakikisha kwamba mstari umeanzia kwenye pembe hasa. Mistari miwili inayoonekana kugusana, ilhali imeachana kwa sehemu ndogo ya milimita, humvuruga anayepima na huweza kusimamisha mashine ya kuchonga katikati ya kazi.

Amri ya S inastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Mteja akibadili nia na kutaka kabati la milimita 800 badala ya 600, mchoraji huzungushia upande mmoja wa kabati kisanduku kutoka kulia kwenda kushoto na kuusogeza kwa milimita 200. Rafu, sakafu na vipimo vilivyounganishwa na mchoro hurefuka kwa pamoja. Sharti ni kwamba bawaba na reli zisinyoshwe, kwani vyuma havibadiliki ukubwa kwa amri ya kompyuta.

Vijenzi vinavyojirudia

Useremala umejaa marudio. Bawaba ile ile, mguu ule ule na droo ile ile huonekana mara kumi katika kazi moja. Katika AutoCAD, kitu kinachojirudia hufanywa bloku, na katika SketchUp hufanywa kijenzi. Faida yake ni kwamba kikirekebishwa kimoja, vyote hubadilika.

Karakana yenye busara hujenga maktaba ya vijenzi vyake kidogo kidogo. Bawaba za kabati zinazofichika, kwa mfano, huhitaji tundu la kipenyo cha milimita 35. Rafu za kuhamishika katika mfumo unaotumiwa na viwanda vingi hushikiliwa na vipini vinavyoingia katika matundu ya milimita 5, yaliyopangwa kwa umbali wa milimita 32 kutoka kitovu hadi kitovu. Reli nyingi za droo zenye gololi huhitaji takriban milimita 13 kila upande, maana yake droo hupungua milimita 26 kuliko nafasi yake. Tarakimu hizi zikihifadhiwa ndani ya kijenzi, hakuna anayelazimika kuzikumbuka usiku wa manane kazi ikiwa imechelewa.

Kabla ya kutegemea tarakimu yoyote, yafaa kununua reli au bawaba moja na kuipima. Watengenezaji hutofautiana, na bidhaa iliyokuwepo dukani mwezi uliopita huenda isiwepo leo.

Mfano wa kabati la jikoni

Chukua kabati la chini lenye upana wa milimita 600, kimo cha 720 na kina cha 560, litakalotengenezwa kwa bodi ya milimita 18. Mbavu ni mbili, kila moja 720 kwa 560. Sakafu hukaa kati ya mbavu, hivyo upana wake ni 600 ukiondoa 36, yaani 564. Vipande viwili vya juu vya kushikilia mbavu huwa 564 kwa 100. Milango ni miwili. Ikiwa nafasi ya milimita 2 itaachwa kila upande na milimita 2 katikati, jumla ya milango ni 594 na kila mmoja ni 297.

Sasa tuseme bodi iliyofika karakana ina unene wa milimita 17 badala ya 18. Sakafu ya 564 ikikatwa kama ilivyoandikwa, kabati litakuwa na upana wa milimita 598. Mtu anaweza kudhani tofauti ya milimita 2 si kitu. Lakini makabati matano yakipangwa mstari mmoja, pengo linafika milimita 10, na kaunta ya mawe iliyokatiwa vipimo vya awali haitalingana tena na kingo za makabati. Milango nayo itajaa nafasi yote bila pengo la kutosha pembeni.

Hapa ndipo mchoro unaoongozwa na vigezo unapoonyesha thamani yake. Katika FreeCAD, unene wa bodi huweza kuandikwa mara moja katika jedwali, na vipande vyote vikafungamanishwa na tarakimu hiyo. Ukibadilishwa kutoka 18 hadi 17, sakafu huwa 566 yenyewe, na rafu na vipande vya juu hufuata. Anayetumia programu isiyo na uwezo huo hana budi kupima bodi kwanza kwa kalipa, ndipo achore.

Kompyuta pia humpa fundi kipimo cha mshazari. Kwa kabati hili la 600 kwa 720, umbali wa kona hadi kona ni takriban milimita 937. Ukiandikwa kwenye mchoro, fundi anayeunganisha mbavu hupima mishazari miwili. Ikilingana, kabati ni mraba. Isipolingana, analisukuma kabla gundi haijakauka.

Orodha ya ukataji

Mchoro ulio tayari hutoa orodha ya vipande vyote, idadi na vipimo vyake. SketchUp ina nyongeza ya bure iitwayo OpenCutList inayotoa orodha hiyo na hata kupanga vipande juu ya bodi. Hata hivyo, mashine hupanga kile ilichopewa tu. Busara ya kubadilisha kipimo ili bodi itoshe ni ya mchoraji.

Bodi ya kawaida ina milimita 2440 kwa 1220. Msumeno nao hula takriban milimita 4 kila unapopita, na milimita hizo ni lazima zihesabiwe. Kwa makabati matatu ya mfano uliotajwa, zinahitajika mbavu sita. Mbavu tatu za 720 hupangwa kwa urefu wa bodi na mbili za 560 kwa upana, hivyo zote sita hutoka katika bodi moja. Masalio ni ukanda wa milimita 268 kwa 1220 upande mmoja, na ukanda mrefu wenye upana wa milimita 92 upande mwingine.

Vipande vya juu vinavyohitajika ni sita, vya 564 kwa 100. Ukanda wa 268 hutoa vinne. Ule wa 92 haufai kwa sababu umepungukiwa milimita 8, na fundi hulazimika kuanza bodi nyingine kwa ajili ya vipande viwili visivyoonekana. Lakini mchoraji akivipunguza kutoka 100 hadi 90, ukanda mwembamba hutoa vingine vitatu, na mbavu pamoja na vipande vya juu vya makabati yote matatu hupatikana katika bodi moja. Nguvu ya kabati haipungui kwa kiasi cha kumsumbua mwenye nyumba. Uamuzi wa namna hiyo huchukua dakika mbili kwenye skrini, lakini haufanyiki kamwe baada ya msumeno kupita.

Kama bodi ina sura ya mbao, vipande vinavyoonekana sharti vielekee upande mmoja wa nyuzi, na orodha ionyeshe hivyo. Pia unene wa ukanda wa kufunika kingo hupunguzwa kwenye kipimo cha kukatia. Mlango wa 297 utakaofunikwa kwa ukanda wa milimita 1 pande zote hukatwa 295.

Suala la masalio si dogo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, mafundi walikumbana na uhaba wa mbao uliodumu kwa miaka kadhaa, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo mnamo Julai 2023. Karakana inayojua kupanga mbao zake husalimika zaidi katika nyakati kama hizo.

Mbao ni kitu hai

Kompyuta huichukulia mbao kama kitu kisichobadilika, na huu ni udhaifu unaomtega mchoraji asiyewahi kushika randa. Mbao halisi huvuta na kutoa unyevu. Hupanuka na kusinyaa kukatiza nyuzi, ilhali urefu wake hubadilika kidogo mno. Mlango uliotengenezwa Nairobi na kufungwa Mombasa, kwenye unyevu wa bahari, huweza kujaa ndani ya fremu ukakataa kufunguka.

Kwa sababu hiyo, paneli ya mbao halisi inayokaa ndani ya mfuo wa fremu huchorwa ikiwa na nafasi ya milimita chache kila upande, na maandishi yaeleze wazi kwamba isitiwe gundi. Plaiwudi na MDF hubadilika kidogo zaidi, na huweza kuchorwa zikiwa zimebana.

Viungo navyo vifuate vifaa vilivyopo. Kanuni ya zamani husema ulimi uwe takriban theluthi ya unene wa mbao. Kwa mbao ya milimita 45, hesabu hutoa 15. Lakini kama patasi ya karakana ni ya milimita 16, tundu na ulimi vichorwe 16. Mchoro unaodai kipimo ambacho hakuna patasi wala kisu cha mashine kinachoweza kukitoa humlazimisha fundi kubuni, na ubunifu wa dakika ya mwisho ndio chanzo cha milango inayolegea.

Milango ya Lamu na Zanzibar hutoa funzo jingine. Mtu anaweza kuchora ubawa mmoja pamoja na nakshi zake, kisha akaugeuza kama kwenye kioo ili kupata wa pili. Nakshi za miimo zitakubali. Ila mfaa, ule mhimili wa katikati, hupigiliwa kwenye ubawa mmoja na kuufunika mwingine mlango unapofungwa. Anayegeuza kila kitu bila kufikiri atajikuta na mifaa miwili, au hana hata mmoja.

Kuhifadhi kazi

Umeme hukatika bila taarifa. AutoCAD huweza kuhifadhi nakala yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, na muda huo yafaa upunguzwe hadi dakika tano. Mafaili yenye kiambishi .bak yasifutwe ovyo, kwani ndiyo nakala za kabla ya mabadiliko ya mwisho. Nakala nyingine ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo.

Majina ya mafaili yawe na mpangilio: jina la kazi, sehemu yake na herufi ya toleo, kama vile jikoni-chini-A, kisha B, kisha C. Majina kama mpya, mpya2 na mwisho-kabisa humpotosha hata aliyeyaandika. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Toleo jipya likichapishwa, la zamani liondolewe karakana siku hiyo hiyo. Hasara nyingi hutokea si kwa sababu mchoro ulikosewa, bali kwa kuwa fundi alikata akifuata karatasi ya wiki iliyopita iliyosahaulika ukutani.

Kuchapisha

Karatasi ya A3, yenye milimita 297 kwa 420, hufaa karakana nyingi kwa kuwa hubebeka na huonyesha maelezo ya kutosha. Mwonekano wa jumla huweza kuwa 1:20 au 1:10, na viungo vikaonyeshwa kwa 1:2 au 1:1. Kila karatasi ibebe jambo moja: jumla, mikato, viungo, au orodha ya ukataji.

Hatari kubwa hapa ni chaguo la kupunguza mchoro ili utoshee karatasi, ambalo mara nyingi huwa limewashwa tayari kwenye dirisha la kuchapisha. Chaguo hilo huharibu skeli bila kumwarifu mtu. Tahadhari rahisi ni kuchora kwenye kila karatasi mstari ambao ukichapishwa utakuwa na milimita 100 kamili. Fundi huweka rula juu yake. Ukisoma 96, karatasi hiyo haifai kupimiwa, na ni vipimo vilivyoandikwa pekee vinavyoaminika.

Vipimo vyenyewe viandikwe mara moja tu, mahali fundi atakapovitafuta, vikianzia ukingo mmoja usiobadilika. Kipimo kilichoandikwa sehemu mbili siku moja kitarekebishwa upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili. Kadhalika, tarakimu za desimali hazina nafasi katika mchoro wa mbao. Hakuna msumeno wa karakana utakaokata 563.74.

Kabla ya bodi ya kwanza kukatwa, mchoro ukaguliwe na mtu asiyeuchora. Ajumlishe vipande kwa mkono na kuona kama vinarudi kwenye upana wa jumla: mbavu mbili za 18 na sakafu ya 564 ni 600. Jumla isipotimia, kosa lipo, na wakati huo bado ni kosa la karatasi.